Mtungi wa Maua

Lori tulilosafiria lilikuwa la mzazi mmoja aliyefanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge. Alituazima bure kwa siku nzima, ila hakuliosha. Watoto wa darasa la saba walipanda saa kumi na moja alfajiri wakiwa wamevaa sweta safi za shule, na kufikia Ahero wote walikuwa wananuka soko. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakiimba tangu tulipovuka reli, na mwalimu mwenzangu aliyepanda nao nyuma aliniambia baadaye kwamba walirudia wimbo mmoja mpaka Sondu.

Mimi nilikaa mbele, katikati, dereva upande mmoja na mama mkwe wangu upande wa pili. Ningetoa chochote nikae nyuma na ile harufu.

Nieleze kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Nilizaliwa na kulelewa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alitoka pande za ziwa, lakini nyumbani tulisema Kiswahili, na Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na kuagana tu. Nilipoolewa na kuja kufundisha Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mama mkwe alinipa jina la nyar Nakuru, yaani binti wa Nakuru, akawa ananisemesha kwa Kiswahili chake alichookota sokoni. Alikuwa mfinyanzi. Katika boma lao, pande za Nyakach, wanawake wote walioolewa pale walikuwa wafinyanzi, na kila mmoja alifundishwa na mama mkwe wake. Binti aliyezaliwa pale hakufundishwa, maana angeolewa kwingine na kuondoka na kazi ya watu. Sasa yeye Mungu alimpa mwana mmoja tu, ambaye ni mume wangu. Kwa hiyo mkaza mwana wake alikuwa mmoja pia: mimi, mwenye kucha ndefu na jiko la gesi.

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa aliniletea mtungi wa maji. Aliushusha kutoka kwenye basi pale stendi, akaubeba kichwani mpaka nyumba za walimu, hataki kusaidiwa. Ulikuwa mweusi kwa chini na mwekundu kidogo begani, na shingo yake ilikuwa imezungushiwa alama ndogo ndogo zilizofuatana bila kukosea. Niliupenda. Niliupenda mno, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu nyumbani nilikuwa na mfereji wa maji ya bomba na jerikeni mbili za plastiki, na sikuona kitu kizuri hivyo kifichwe jikoni. Nikauweka barazani, nikautia udongo, nikapanda maua. Maua yakaanza kuoza kwa maji kutuama. Basi nikaumwaga udongo, nikaupindua mtungi, nikachukua msumari wa inchi nne na nyundo ya mume wangu, nikautoboa kitako.

Pasaka mama mkwe akaja kututembelea. Alisimama barazani akiyatazama maua, akachota maji kwa kikombe, akayanyunyizia. Maji yakatokea chini. Akainama polepole, akapitisha kidole chini ya mtungi mpaka kikaona lile tundu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akaomba chai. Mimi nilidhani ameyapenda maua.

Mwezi mzima ulipita kabla mume wangu hajaniambia, naye akasema huku anafunga kamba za viatu, apate kukimbia: "Mama anauliza kama maji ya mfereji ni tamu sana." Nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu nilijua nina makosa, na hasira ya namna hiyo kwangu huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Nilijiambia kwamba kama ana neno angelisema. Sikwenda kuomba radhi. Yeye naye hakusema kitu, na miaka mitatu ikapita tukiamkiana vizuri sana.

Halafu ukaja mfumo mpya wa masomo na somo la sanaa na kazi za mikono. Kila shule ilitakiwa ifundishe kusuka, kuchonga, kufinyanga. Mwalimu mkuu aliwatazama walimu wote katika mkutano, akauliza nani anajua udongo. Mwenzangu mmoja akasema kwamba mama mkwe wa mwalimu fulani ni mfinyanzi hodari, na kufikia saa sita nilikuwa nimekabidhiwa somo. Nikaenda Nyakach na sukari na majani ya chai, nikamwomba anifundishe. Akasema mgongo unamuuma. Nikaenda tena, mgongo bado. Mara ya tatu nilimkuta amechutama anasawazisha mtungi mkubwa kama pipa, akaniambia bila kuacha kazi kwamba mgongo siku hizi ni shida.

Hapo nikaelewa. Na badala ya kusema lile neno moja lililotakiwa, nikapandwa na hasira zangu. Nikaapa kwamba nitajifunza kwingine. Nilisikia kuna boma la akina mama wafinyanzi kule Nyanza Kusini, si mbali na zile kuta za mawe za Thimlich ambazo zimo katika vitabu vya historia. Nikaandika barua, nikapanga safari: asubuhi kuta, alasiri udongo. Watoto wataona, na mimi nitajifunza.

Nilichosahau ni kwamba mama mkwe alizaliwa kule. Mume wangu, kwa ule mdomo wake, alimtajia zile kuta. Siku mbili kabla ya safari mama akafika Kisumu na kikapu na mwavuli. "Naenda na nyinyi," akasema. "Huko nilichunga ndama." Hakuuliza kama kuna nafasi. Na mimi sikumwambia kuhusu boma la wafinyanzi.

Ndiyo sababu nilikaa pale mbele nikiitamani ile harufu ya nyuma, saa tano nzima. Pale Sondu mama alinunua ndizi, akampa dereva mbili na mimi moja. Baada ya Oyugis alianza kuchangamka, akawa ananionyesha vilima na kunitajia nani aliolewa wapi. Tulipoacha lami vumbi likaingia, yeye akafungua mwavuli mle mle ndani ya lori. Dereva akawa anaendesha ameinamisha kichwa pembeni, kwa heshima.

Kuta zile sikuzitegemea zilivyo. Vitabu vilikuwa na picha ndogo yenye giza. Kumbe ni mawe juu ya mawe, makubwa na madogo, hayana hata kijiko cha saruji wala matope, yamepanda kumpita mtu mrefu na yamezunguka kilima kizima. Watoto walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mlinzi wa mahali pale, mwanamume mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya mhubiri, alituongoza mpaka kwenye mlango mmoja, mfupi sana, umewekewa mawe marefu kwa juu. "Inameni," akasema. Mama mkwe aliweka kikapu chini, akainama kama anayeingia nyumbani kwake, akapita. Mimi nilikuwa nageuka kuwahesabu watoto, nikajigonga paji la uso hata nikaona nyota. Watoto walicheka wasiweze kusimama.

"Mlango ilijengwa chini hivyo," mama akawaambia kwa ndani, "ndiyo mwalimu ajue kusalimia."

Mlinzi akaanza hotuba yake. Hapa, akasema, palikuwa na nyumba ya mkubwa wa boma, na pale labda ghala. Mama akasikiliza kidogo, kisha akamwambia, "Bwana, ngoja." Akaupa mlango mgongo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibonde kilichoota majani upande wa pili, akasimama ndani yake.

"Bibi ya kwanza hapa. Anaangalia mlango. Ya pili hapo, mkono yake ya kulia. Ya tatu kushoto. Ng'ombe katikati. Kijana yake mkubwa, huko karibu na mlango." Kila alipoonyesha palikuwa na kibonde. Watoto wakakimbia kusimama ndani ya kila kimoja wakipiga kelele kwamba wao ndio wake, wao ndio ng'ombe. "Huyu mzee alikuwa na mabibi tatu," akamalizia, "na amani hakuna. Angalia vile nyumba ziko mbali."

Mlinzi alivua kofia. Baada ya hapo yeye ndiye aliyemfuata mama. Walipofika kwenye jiwe lililochimbwa vishimo vya bao, mchezo ambao huku unaitwa ajua, mama alikaa chini akaokota vijiwe, wakacheza. Alimfunga mara mbili, watoto wakishangilia kama uwanjani.

Mimi nilikuwa nimekaa kando nimejiwekea leso yenye maji kwenye paji la uso. Mama alikuja akiwa ameshika kigae, kipande cha mtungi wa zamani kisichozidi kiganja. Alikiokota karibu na ukuta. Alikipangusa kwa kidole gumba, akanionyesha alama zilizozunguka.

"Unaona? Mkono yake ilikuwa nyepesi. Mama mkwe wake alimfundisha mzuri."

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Ni kizuri, mama," na yeye akakirudisha pale pale alipokitoa, kwa sababu kwao vitu vya mahali pale havichukuliwi, akatoka mlangoni akiinama.

Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha kando ya lori. Mama akaanza kukunja mwavuli. "Sasa tunarudi?"

"Kuna mahali pengine pa kupita," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa kina mama wafinyanzi."

Akaacha kukunja mwavuli. "Ya watoto?"

Ningesema ndiyo yakaisha. Lakini paji la uso lilikuwa linaniuma na jua lilikuwa kali. "Na yangu pia," nikasema. "Wewe si mgongo unakuuma?"

Dereva alikwenda kutazama magurudumu, ambayo hayakuwa na kasoro yoyote. Mama alipanda lori. Safari ya nusu saa ilikuwa ndefu kuliko ile ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujuta kabla hatujafika kona ya kwanza.

Boma lile lilikuwa limefagiliwa, na nje ya ghala akina mama wanne walikuwa wametandika magunia. Mkubwa wao, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alitupokea kwa nyimbo. Waliwaonyesha watoto jinsi udongo unavyotwangwa, unavyochanganywa na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika ili usipasuke motoni, unavyokandwa na kuviringishwa kama mkia wa paka. Kila mtoto alipewa donge lake, na dakika tano baadaye kulikuwa na ng'ombe, redio, na lori moja la omena.

Mama mkwe alikaa pembeni juu ya kigoda alichopewa, mikono juu ya mwavuli. Wenyeji walipojua kwamba yeye ni mfinyanzi wa ng'ambo ile, ubishi ukaanza, wa kirafiki lakini ubishi kweli. Wao walipamba kwa kuviringisha kamba ya nyasi iliyosukwa. Yeye akasema kwao ni gunzi la mahindi, na kamba ni ya kufungia mbuzi. Wao wakasema shingo za mitungi ya Nyakach ni fupi, maji yanamwagika njiani. Alijibu kwamba mtu anayejua kutembea hamwagi.

Kisha mwenyeji akanigeukia. "Mwalimu ndiye aliandika barua anataka kujifunza. Kuja hapa mbele, Mama. Kaa."

Nikakaa kwenye gunia, miguu nimeinyoosha. Akaniwekea kigae kikubwa cha kuanzia, akanipa udongo. Ulikuwa baridi na mzito. Alipiga magoti nyuma yangu, akazishika kucha zangu akacheka, akaiweka mikono yake juu ya yangu ili anionyeshe jinsi ya kubana. Nilisikia kigoda kinaanguka.

"Toa mkono."

Mama mkwe alikuwa amesimama juu yetu. Alisema maneno mengi ya Kijaluo kwa upesi, sikupata hata moja, lakini niliuona uso wake, nao haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayeona mwizi anatoka na kitu cha nyumbani kwake mchana kweupe. Kisha akaniinamia mimi.

"Nyar Nakuru. Huyu ndiye alikuoa?"

Mwenyeji alianza kucheka, akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na udongo. Ndiye aliyenieleza, kwa upole sana, kama anayemweleza mtoto. "Mama, tungejua uko na mama mkwe mfinyanzi hatungekugusa. Mwenye anakufundisha ndiye mwenye boma lako. Nikikufundisha mimi, itakuwa kama umeolewa hapa."

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani naenda kujifunza kazi, kumbe nilikuwa naihama nyumba ya watu mbele ya darasa la saba. Nikamtazama mama, na yale maneno ya miaka mitatu yakatoka yenyewe, hayana mpangilio. "Mama, ule mtungi. Niliutoboa. Sikujua. Ulikuwa mzuri, ndiyo nikaweka maua. Nisamehe."

Mama mkwe alipandisha mikono ya gauni lake.

"Sogea," akasema.

Akakaa nyuma yangu pale pale kwenye gunia, mgongo wake ule mgonjwa umenyooka kama wa msichana. Mikono yake ilikuja juu ya yangu, mikavu na yenye nguvu. Alianza kwa kulalamika: udongo ya hawa watu iko na mchanga mingi, kigae yao imepinda, kucha hizi ni za kukwaruza nani. Alinifundisha kubana na kuvuta, kubana na kuvuta, na kugeuza kila mara kidogo. Nilipobana sana alinipiga kofi mkononi. Wenyeji walisimama wakitazama, wakitoa ushauri ambao yeye aliukataa wote.

Nilichokitengeneza kilikuwa kibaya. Nisidanganye. Kilikuwa kama kofia iliyokaliwa. Mama alikiinua, akakizungusha mbele ya macho yake, akakionyesha kwa wenzake mmoja mmoja bila huruma. Kisha akakigeuza, na kwa kidole chake cha shahada akakitoboa kitako, tundu moja safi katikati.

"Hii panda maua," akasema. "Ile ingine utaniletea."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, kwa sauti, akinishika bega asianguke, nami nikacheka na kulia pamoja, mikono yangu yote udongo, nikajipaka usoni. Watoto wakaona wameruhusiwa, wakapiga makofi. Tuliporudi Kisumu alikipakata kile kitu mapajani njia nzima, kimefungwa kwa leso yake, na kila lori liliporuka shimo alimwambia dereva aangalie mtungi wa mwalimu.

Jumamosi iliyofuata niling'oa maua, nikaupeleka ule mtungi Nyakach. Nilikuwa nimekata kucha. Alinipa mchi, akaniambia niuvunje mwenyewe. Nilisita, akasema, "Vunja, unachelewa." Nikauvunja, nikautwanga mpaka ukawa unga, tukauchanganya na udongo wake. Kila likizo nilirudi. Darasa lile lilifanya mtihani wake na vyungu vya kueleweka, na ilinichukua mwaka mzima na mitungi tisa iliyopasuka kabla sijatoa mmoja ambao mama hakuucheka. Huo ndio uliokaa jikoni kwangu, juu ya kiti chake cha mbao, na maji ya mfereji tuliyamimina humo.

Kofia yangu iliyokaliwa nayo ilichomwa pamoja na mitungi yake, ikatoka nzima, kwa maajabu. Ina maua mpaka leo.

Mama mkwe aliendelea kuja Kisumu kila Pasaka mpaka miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, miguu ikamkatalia. Alipofika hakuanza na salamu. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni na kikapu chake mkononi, akainama polepole, akapitisha kidole chini ya mtungi wangu, akazunguka kitako chote. Kisha aliinuka, akaomba maji.